Kutoka kidato cha sita hadi uzamivu: masomo ya chuo kikuu na fedha zake, kwa wa Arusha na Moshi

Fedha za chuo kikuu zina njia mbili, na anayezichanganya hupoteza miaka. Kwenye shahada ya kwanza fedha hufuata nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, fomu yenye mihuri yote, jina linalofanana kila mahali. Kwenye uzamili na uzamivu fedha hufuata wazo la utafiti na mtu aliyekubali kukusimamia. Naona vijana wengi wa huku kwetu wakiomba uzamili kwa namna ileile walivyoomba mkopo wa shahada ya kwanza: wanajaza fomu, wanatuma, wanasubiri. Miaka miwili baadaye bado wanasubiri, na si kwamba hawana akili. Hakuna aliyewaeleza kwamba utaratibu umebadilika.

Hatua ya 1: Jua ngazi na muda wake

Masomo ya chuo kikuu Tanzania hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360, uzamili 180, uzamivu 540. Kwa muda, shahada nyingi za kwanza ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari wa binadamu mitano na juu yake mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Uzamili ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Uzamivu ni miaka mitatu kwenye karatasi, na wengi huvuka hapo.

Hatua ya 2: Pima sifa zako kabla hujalipia maombi popote

Kila ombi la chuo lina ada yake, kwa hiyo usitume kwa kubahatisha. Hesabu ya alama za kidato cha sita ni nyepesi: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili yanayohusika na programu hiyo, yote yakiwa kati ya A na E, na jumla yake isipungue pointi 4. Mwenye D mbili amefika. Mwenye D na E ana pointi 3, hajafika, hata kama somo la tatu ni la alama ya juu lakini halihusiki na programu anayoitaka. Udaktari wa binadamu una masharti mazito zaidi: Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isiwe chini ya D.

Aliyepitia stashahada anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama zake zote, isiyopungua 3.0, tena aombe NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, namba ya uhakiki wa tuzo yake. Bila namba hiyo mfumo wa chuo haukupokei. Iombe mapema, maana Julai na Agosti kila mtu anaihitaji kwa wakati mmoja.

Kwa wale waliokosa pointi, Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi inayoweza kukufikisha shahada, na kina vituo Arusha na Moshi. Ni mwaka wa kazi hasa, lakini ni mlango halali.

Neno moja kwa familia za mpakani, za Namanga, Longido na Rombo, ambako watoto wengi husoma upande wa Kenya: vyeti vya sekondari vya nje lazima Baraza la Mitihani, NECTA, livilinganishe kwanza, na shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kijana anayekwenda kusoma shahada nje aombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka. Kulitafuta jambo hilo baada ya kuhitimu, ukiwa tayari na barua ya kazi mkononi, kunaumiza.

Hatua ya 3: Chagua chuo, kisha kihakiki

Huku kaskazini hatuna uhaba wa vyuo. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, MoCU, kilichoanza 1963 kama chuo cha ushirika na kuwa chuo kikuu kamili 2014. Kuna chuo cha tiba cha KCMC kinachofundishia katika hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971. Kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge. Na Mweka kuna chuo cha usimamizi wa wanyamapori, nacho cha 1963. Arusha kuna Chuo cha Uhasibu Njiro, Chuo cha Ufundi, na Tumaini Makumira kule Usa River. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo watu wengi hupita barabarani bila kujua kwamba haina shahada ya kwanza kabisa: ni ya uzamili na uzamivu tu.

Vyuo hivi havisimamiwi na mamlaka moja. Vyuo vikuu viko chini ya TCU. Chuo cha Uhasibu, Chuo cha Ufundi na Mweka viko chini ya NACTVET ingawa vinatoa shahada. Kote ni halali. Cha muhimu ni kwamba programu yenyewe, siyo chuo tu, iwe kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huo. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na kuna vyuo vilivyoruhusiwa kuendelea huku baadhi ya programu zake zikisimamishwa. Kwa hiyo fungua kitabu hicho kwenye tovuti ya TCU, tafuta jina la programu unayoitaka, soma masharti yake, ndipo ulipie.

Siku hizi maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri kwenye simu ili uthibitishe kimoja. Namba ya simu uliyojazia fomu iwe yako na iwe hewani. Usijaze namba ya mwenye steshenari.

Hatua ya 4: Mkopo wa shahada ya kwanza

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watoto wa wakulima wa Machame na wa mama wauza ndizi wa Kiborloni hupata au kukosa chuo.

Bodi ya Mikopo, HESLB, iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na maombi hufanyika mtandaoni kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inayolipwa kwa kontro namba. Mwombaji awe Mtanzania, asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita.

Anza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA kwa mtandao, na aliyefiwa na mzazi anahakiki pia cheti cha kifo. Familia nyingi huzika kwa heshima zote, matanga yakaisha, na cheti cha kifo hakuna aliyekifuatilia. Kwa Bodi, yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi wake ni mtoto mwenye wazazi wote wawili. Kama baba alifariki na cheti hakipo, shughulika nacho mtoto akiwa kidato cha tano, usingoje matokeo.

Linganisha majina. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na akaunti ya benki viwe kitu kimoja, herufi kwa herufi. Ukoo ulioandikwa Mushi huku na Moshi kule, Massawe yenye s mbili kwenye cheti na s moja NIDA: mambo haya ndiyo huleta usumbufu. Ikibidi, nenda kwa wakili uape hati ya kiapo ya majina mapema.

Kusanya ushahidi wa hali ya familia. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iandike namba yake ya kaya. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyesomeshwa na mfadhili, tuseme shirika au parokia, aombe barua ya mfadhili huyo. Hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani: ukionekana ulisoma shule ya kulipia na hukueleza nani alilipa, Bodi itaona familia yenye uwezo. Barua ya mfadhili hugeuza picha yote.

Kisha fomu. Ukishajaza mtandaoni unaichapa, unasaini wewe, anasaini mdhamini, unaipeleka kwa serikali ya mtaa au kijiji, halafu kwa kamishna wa viapo. Hapo ndipo unaiskani na kuipakia. Fomu yenye ukurasa mmoja uliokosa mhuri ni fomu isiyokamilika. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, mpe mtu mwingine asome ukurasa kwa ukurasa, macho yako yameshachoka.

Mkopo hugawanywa kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Fedha ya chakula na malazi, yaani bumu lenyewe, ilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Unaweza kupata kipengele kimoja kwa ukamilifu na kingine nusu, au ada ukaikosa kabisa. Usione barua ya kupangiwa mkopo ukadhani kila kitu kimelipwa; soma kila kipengele, toa kwenye ada ya chuo, ujue pengo ni kiasi gani. Ada ya programu nyingi katika vyuo vya umma huzunguka milioni moja hadi moja na nusu kwa mwaka. Vyuo binafsi ni zaidi, na tiba ni zaidi sana.

Ukikosa au ukipata kidogo, kuna dirisha la rufaa. Rufaa bila ushahidi mpya ni kupoteza muda. Peleka kile ambacho hakikuwemo: cheti cha kifo kilichochelewa, barua ya mfadhili, ripoti ya daktari.

Pengo linalobaki huzibwa na familia, na huku kwetu kikao cha ukoo cha Desemba, watu wakipanda mlimani kwa Krismasi, hufanya kazi hiyo vizuri. Nashauri mzazi afike kikaoni na karatasi: ada kiasi hiki, mkopo umelipa kiasi hiki, tunahitaji kiasi hiki kwa miaka mitatu. Wajomba na shangazi huchangia hesabu wanayoiona. Kumbuka tu kwamba masomo huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo mchango wa Desemba ni wa muhula wa pili, na wa muhula wa kwanza utafutwe kabla.

Njia nyingine ya shahada ya kwanza ni Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaoendelea na sayansi, uhandisi au tiba. Huo ni ufadhili, haurudishwi.

Hatua ya 5: GPA hujengwa mwaka wa kwanza

Daraja la kwanza ni GPA 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na kupita tu ni 2.0 hadi 2.6. Uzamili kwa kawaida hudai angalau 2.7. Anayetaka kufundisha chuo kikuu cha umma alenge 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili, na hiyo 3.8 hairekebishiki baadaye hata ukipata uzamili wa kung'aa.

Mwaka wa kwanza ndio wengi huulegeza, wakisoma desa wiki ya mtihani na kusema wataanza mwaka wa pili. Lakini masomo ya mwaka wa kwanza yanahesabiwa kwenye GPA ya mwisho kama mengine. Sapu, yaani mtihani wa marudio, nayo ina gharama yake, maana alama ya marudio huwa na kikomo, na mkopo wa mwaka unaofuata unategemea ufaulu wako. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, hubaki na deni bila shahada.

Ukiwa mwaka wa tatu, chukulia utafiti wako mdogo kwa uzito. Mwalimu anayekusimamia hapo ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo ukiomba uzamili. Mwalimu aliyekufundisha ukumbini pamoja na wenzako mia tatu hana la kuandika zaidi ya alama zako.

Hatua ya 6: Marejesho

Ukiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Ingia kwenye akaunti yako ya HESLB uone deni, na utunze hati za mshahara.

Hatua ya 7: Uzamili, na kwa nini uanze na wazo

Kuna uzamili wa aina mbili. Mmoja ni wa masomo ya darasani na tasnifu mwishoni. Huu huwafaa waajiriwa wengi, na Chuo cha Uhasibu kina madarasa ya jioni, Chuo Kikuu Huria kinasomesha kwa masafa. Wengi hapa hujilipia au hulipiwa na mwajiri. Mtumishi wa umma aanze ofisini: aingizwe kwenye mpango wa mafunzo na apate ruhusa ya maandishi kabla ya kwenda masomoni.

Mwingine ni wa utafiti, na hapa ndipo penye fedha kwa asiye na mwajiri wala mjomba. Mkopo wa Bodi kwa uzamili na uzamivu umewalenga hasa wahadhiri, kwa hiyo mhitimu wa kawaida asiutegemee. Fedha ziko kwenye miradi. Mtafiti akipata ruzuku ya miaka minne kuchunguza jambo fulani, bajeti yake mara nyingi huwa na nafasi za wanafunzi: ada, posho, gharama za maabara. Nafasi hizo anazijaza yeye, kwa watu anaowafahamu au waliomwandikia vizuri.

Tazama tulivyozungukwa. Maji ya Arumeru yana floridi nyingi, meno ya watoto wetu ni ushahidi. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji kwa teknolojia ya nano na mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Tatizo la nyumbani lilimpa sayansi ya kimataifa. Tengeru hiyohiyo kuna kituo cha mboga cha World Vegetable Center. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, wanazalisha aina mpya za ndizi Arusha. Lyamungu kuna taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI. Selian kuna utafiti wa mazao. Njiro kuna makao ya taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI. KCMC kuna taasisi ya utafiti wa kitabibu, na ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Kijana wa Moshi mwenye shahada ya kilimo anayetafuta ufadhili wa uzamili kwenye makundi ya WhatsApp pekee, huku Lyamungu iko juu ya mji wake, anatafuta mbali kilicho karibu.

Fanya hivi. Chagua tatizo moja unalolijua kwa macho yako. Tafuta nani wanalifanyia kazi, kwenye tovuti za taasisi hizo na kwa kutafuta makala zao mtandaoni. Soma makala mbili za mtafiti mmoja hadi uzielewe. Kisha mwandikie barua pepe fupi ya aya tatu: wewe ni nani na GPA yako, jambo gani kwenye makala yake limekugusa na swali gani umebaki nalo, unaomba nini hasa. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na andiko la wazo la kurasa mbili. Barua inayosema "naomba ufadhili wowote uliopo" hufutwa, kwa sababu haimwambii kitu. Inayosema "ulipima chujio hilo kwa kaya za mjini, je, kwa maji ya visima vya Ngarenanyuki yenye floridi zaidi lingedumu muda gani?" hujibiwa, hata kama jibu ni kwamba kwa sasa hana nafasi. Akisema hana, muulize nani mwingine anaweza kuwa nayo.

Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha andikia mwingine. Na kama taasisi iko Tengeru nawe unaishi Sakina, nenda siku ya mihadhara ya wazi. Kuonana ana kwa ana bado kuna nguvu.

Hatua ya 8: Ufadhili wa nje na wa ndani

DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili uzamili na uzamivu katika vyuo vya Afrika vilivyochaguliwa, na huangalia kwamba shahada yako ya mwisho haijapita miaka sita. Usikae nayo kabatini. Chevening ya Uingereza ni uzamili wa mwaka mmoja, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi, na kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Skolashipu za Jumuiya ya Madola zina uzamili na uzamivu. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hukusomesha katika nchi zaidi ya moja. Nyumbani, Benki Kuu ina mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na madaktari wanaotaka ubingwa waulize Wizara ya Afya.

Madirisha mengi hufunguliwa karibu mwaka mmoja kabla masomo hayajaanza. Pasipoti, nakala za matokeo zilizothibitishwa na barua za walimu ziwe tayari kabla tangazo halijatoka. Mwalimu mpe wiki tatu au nne, na mpe pia andiko lako ili ajue aandike nini. Skolashipu nilizozitaja hapa hazidai ada ya kuomba. Anayekutaka utume laki mbili "kuharakisha faili" ni tapeli.

Hatua ya 9: Uzamivu

Usianze uzamivu kwa sababu umemaliza uzamili na kazi haijapatikana. Ni miaka ya swali moja. Anza ukiwa na swali hilo, wasimamizi wanaopatana, na fedha ya utafiti iliyo tofauti na fedha ya ada. Wengi huhesabu ada na kusahau vipimo vya maabara, mafuta ya gari la kwenda Simanjiro, malipo ya wasaidizi wa kukusanya takwimu. Hapo ndipo kazi hukwama mwaka wa tatu.

Utaandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya jopo. Utafiti unaohusu afya ya binadamu unahitaji kibali cha maadili, cha kamati ya taasisi au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Wa wanyamapori hupitia TAWIRI. Vibali huchukua miezi, kwa hiyo viombe mara tu pendekezo linapokubaliwa. Vyuo vingi hudai makala zilizochapishwa au kukubaliwa kwenye majarida kabla ya kukuruhusu kutetea tasnifu, na jarida linaweza kukaa na makala yako mwaka mzima. Andika ya kwanza kwa takwimu za mwaka wa kwanza wa kazi ya uwandani, hata kama unaona hazijatosha, umpe msimamizi aikatekate, uitume, ndipo urudi uwandani kukusanya za pili.